Sukari, saumu na jiko la mahamri: jibu kwa msomaji wa Langoni

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 51, nakaa Langoni, Lamu, nauza mahamri na mbaazi. Nina sukari mwaka wa tano huu, na presha. Nameza metformin asubuhi na jioni, glibenclamide asubuhi, na za presha ni amlodipine na kile kidonge cha kukojoza. Nina kilo 88. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilitoka 8.1. Daktari aliniambia nisifunge, lakini Ramadhani iliyopita moyo ulikataa, nikafunga, na kumi la pili nikaanguka alasiri mbele ya jiko. Sasa kuna ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba Mjapani amepewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kuwa kufunga kunatibu sukari na kansa. Shoga yangu anasema nifunge siku tatu kwa maji matupu, kisha niendelee na Jumatatu na Alhamisi, niachane na vidonge. Nishike lipi? Na mbona siku tatu za mwanzo za Ramadhani ile kichwa kiliniuma?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nitangulize la haraka. Kwa vidonge unavyomeza leo, usifunge hata siku moja: si Ramadhani, si zile sita za Shawwal, si Jumatatu. Lakini shika hayo maneno "unavyomeza leo", kwa sababu katika dawa zako nne ipo moja ninayoishuku kuliko zote kuwa ndiyo iliyokuangusha, na dawa hiyo hubadilishwa. Daktari wako alipokukataza hakukosea. Ukirudi kwake usimuulize tena kama waweza kufunga, maana hilo ameshalijibu. Muulize hivi: glibenclamide ikibadilishwa, na figo zikipimwa, je, nitaweza?

Nieleze kwa nini naishuku hiyo. Mtu mzima wa afya akila daku, chakula kile humsukuma saa tatu, nne hivi. Kikishaisha, ini hutoa sukari liliyoiweka akiba, gramu kama 80 hadi 100, na polepole mwili huanza kugeukia mafuta. Yote haya yanawezekana kwa sharti moja, kwamba kongosho lipunguze insulini. Insulini ikiwa juu ini halitoi akiba, na sukari iliyomo kwenye damu inazidi kuingizwa kwenye misuli. Ikiwa chini, ini hutoa, na ubongo, ambao peke yake hula gramu 100 na zaidi kwa siku, haukosi riziki yake. Kwa mtu mzima wa afya, mpango huo humfikisha magharibi bila taabu yoyote ila njaa, kiu na hasira kidogo.

Glibenclamide inauvuruga mpango huo mahali pake hasa. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama umekula au hukula. Tena ni dawa ya masafa marefu, athari yake yaweza kukaa siku nzima. Nadhani Ramadhani ile kidonge cha asubuhi ulikihamishia daku, kama wengi wafanyavyo. Basi ulikuwa na dawa inayoshusha sukari tangu alfajiri hadi magharibi, na chakula cha saa nne tu. Kufika alasiri huna akiba inayotoka, halafu ndio wakati unaowasha jiko, maana Ramadhani mahamri na kaimati huuzwa jioni. Moto wa makaa mbele yako, joto la kaskazi nyuma yako, mikono inakanda na kusukuma, na misuli inayofanya kazi hunywa sukari hata bila insulini. Na Ramadhani za miaka hii zimeangukia kaskazi yenyewe: ya mwaka 2025 ilianza mwanzo wa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Mtu akianguka msikitini huumia goti. Wewe umeanguka mbele ya karai la mafuta yanayochemka, na hilo ndilo lililonishitua zaidi katika barua yako.

Hukusema kama ulipimwa sukari ulipoanguka, kwa hiyo kidonge cha kukojoza nacho siwezi kukiacha nje ya kesi. Hicho hutoa maji na chumvi mwilini. Ukiunganisha na amlodipine, ambayo hulegeza mishipa, na saa 13 bila tone la maji, presha inaweza kushuka hadi mtu akisimama ghafla macho yanaingia giza. Kuna namna ya kuzitofautisha. Sukari ikishuka huja na kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa kali, kisha maneno huanza kuchanganyika. Presha ikishuka humpata mtu anapoinuka, na akilala chini hupata nafuu upesi. Wakati mwingine huja zote pamoja.

Haya hayajakupata wewe peke yako. Mwaka 2001 ulifanywa uchunguzi katika nchi 13 kwa wagonjwa wa sukari Waislamu zaidi ya 12,000. Kwa wenye sukari ya ukubwani kama yako, kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara saba na nusu ndani ya Ramadhani ukilinganisha na miezi mingine. Watu wengi wanaikumbuka hesabu hiyo, wanaisahau ya pili: kupanda kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa nako kuliongezeka mara tano. Yaani kuna wanaoangushwa na mchana, na kuna wanaoangushwa na usiku. Na wa usiku huangushwa na sinia.

Nikifika kwenye sinia nitakaa kitambo, kwa sababu dawa ni kazi ya daktari wako lakini sinia ni yako.

Tazama futari ya nyumba nyingi za kwetu: viazi vitamu vya nazi, muhogo wa nazi, mkono wa tembo, tambi za sukari, kaimati za shira, mahamri, vitumbua, sambusa, na jagi la sharubati ya ukwaju iliyotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Ni neema, na mimi mwenyewe simkatai mtu wa tambi. Lakini ukiondoa sambusa, kila kilichotajwa hapo ni wanga au sukari, na vingi ni vyote viwili. Mwili uliokaa mchana kutwa na insulini chache unapigwa na vitu hivyo kwa dakika 20. Mgonjwa anayepimwa sukari saa mbili baada ya futari kama hiyo anaweza kukuta 18, na asubuhi akashangaa mbona "amefunga vizuri".

Sikwambii uwaandalie watu mboga za kuchemsha. Nakwambia chagua wanga mmoja kwa usiku. Leo ni viazi vitamu, basi muhogo ni wa wengine. Fungua kwa maji na tende mbili ndogo. Tende moja ya kawaida ina sukari gramu kama 5, karibu sawa na kijiko cha chai, kwa hiyo ukila saba umekunywa soda. Kaswali magharibi, utarudi njaa imepoa kidogo na mkono hauna pupa. Kisha anza na samaki, awe wa kupaka au wa kukaanga, pamoja na mchicha au kisamvu, na huo wanga mmoja uwe wa mwisho na uwe kiasi cha ngumi yako. Mbaazi zako za nazi ni bora kuliko mahamri yako, nisamehe kwa kuiharibu biashara. Mbaazi zina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari na zina protini. Hamri ni unga mweupe, sukari na tui, kisha limekunywa mafuta. Moja kwa usiku ukilitamani, na siku hiyo lihesabu kuwa ndilo wanga wako.

Sharubati iache. Kama ni ukwaju, uunywe bila sukari, au ndimu na chumvi kidogo. Dafu moja halina ubaya kwako, ila mtu mwenye figo zilizochoka asiliguse bila ruhusa, kwa kuwa lina potasiamu nyingi na potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Maji yagawe usiku kucha, glasi moja moja. Lita mbili za pamoja kabla ya adhana huishia chooni.

Daku nayo ina kasoro yake. Wengi hula saa nane usiku wakapate kulala, wengine hushiba futari wakaiacha kabisa. Ukila saa nane umejiongezea saa tatu za njaa ambazo dini haikukudai. Huku kwetu, digrii mbili kusini mwa ikweta, mchana hauvutiki: saumu ya Lamu ni saa 13 na nusu hivi, Ramadhani ianguke mwezi wowote. Anayefunga London mwezi wa Juni hupitisha saa 18. Tumerahisishiwa, tusijiwekee ugumu. Kuchelewesha daku ni sunna, na kwa mwenye sukari ni tiba pia. Kula karibu na imsaki, na ule kitu kinachokwenda polepole: mkate wa mofa kwa maharage au samaki, mayai, mtindi usio na sukari, parachichi. Wali mweupe na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vitapanda upesi na kushuka upesi, na saa nne asubuhi utakuwa umeshaanza kutetemeka.

Sasa dawa. Haya nakueleza uyajue ukazungumze, usiyafanye mwenyewe nyumbani. Metformin peke yake haiangushi mtu, kwa sababu hailazimishi kongosho. Kwa kawaida anayemeza mara mbili huhamishiwa futari na daku, mradi figo zake ziwe zimepimwa. Glibenclamide ndiyo miongozo ya Ramadhani inayoshauri ikwepwe. Mahali pake daktari huweza kuweka ya jamii yake iliyo nyepesi zaidi kama gliclazide, dozi kubwa ikawa futari na ya daku ikapunguzwa, au akachagua jamii nyingine kabisa isiyoshusha sukari kwa nguvu. Kidonge cha kukojoza nacho kina mbadala, au huhamishiwa jioni. Mabadiliko haya hayafanywi usiku wa kuvunja jungu. Yanataka wiki sita hadi nane, dawa mpya ionekane inavyokukaa, kwa hiyo mwendee daktari Rajabu ikiwa ndio kwanza imeingia. Shaabani ukafunge siku moja mbili za majaribio, siku ambazo huwashi jiko, ukiwa na mashine ya kupimia mkononi na mtu nyumbani. Hizo siku mbili zitakwambia mengi kuliko barua yangu.

Kudunga kidole hakubatilishi saumu. Wanazuoni wengi wamelisema hilo wazi, na ukiwa na shaka kamuulize sheikh wako kabla mwezi haujaandama, usije ukasita siku unayotetemeka. Stripu ni ghali, najua. Kama huna za kupima mara sita kwa siku, usizikose hizi: saa nne asubuhi, alasiri kabla hujawasha moto, na saa mbili baada ya futari. Na kila unapojisikia vibaya, hata kama umepima nusu saa iliyopita.

Sukari ikisoma chini ya 3.9 kwenye mashine ya mmol/L, fungua. Ikisoma zaidi ya 16.6, fungua. Usiangalie saa. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakishindana na dakika 15 zilizobaki za magharibi huku jasho linawachuruzika. Sukari inayoshuka haisubiri adhana. Kunywa vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15, na ikipanda ule chakula. Saumu ya siku ile imekwenda, utailipa, na kama maradhi yako hayakupi nafasi ya kulipa, Suratul Baqara imetaja fidia ya kumlisha maskini. Mpaka wa hukumu hiyo ni wa masheikh. Mpaka wa 3.9 ndio wangu.

Huyo Mjapani wa kwenye simu yupo kweli. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na alipewa Nobel ya tiba mwaka 2016. Alichokichunguza kitakuchekesha, maana unakishika kila siku: hamira. Alizinyima chakula chembechembe za hamira, akatazama chini ya darubini jinsi zinavyokusanya taka zake za ndani na kuzisaga upya zipate pa kujishikiza, kisha akazitafuta jeni zinazoendesha kazi hiyo. Mpango huo upo hata kwenye miili yetu, na kuugundua ni jambo kubwa. Lakini tuzo ilitolewa kwa kueleza mpango huo. Hakumfungisha mgonjwa wa sukari, hakumtibu mtu kansa, na hakuandikia mtu siku tatu za maji. Aliyeandika ule ujumbe amechukua tuzo ya kweli akaivika madai yake mwenyewe. Watu wa kansa hasa nawaonya, kwa sababu wengi hupungua mwili kwa maradhi na kwa dawa, na kuwanyima chakula ni kuyasaidia maradhi.

Lipo lakini jambo la kweli lililo karibu na unalolitaka, na halina ujumbe wa simu. Uingereza, huko Scotland na Tyneside, walichukua watu wenye sukari ya ukubwani isiyozidi miaka sita, wasiotumia insulini, wakawapa mlo wa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakawarudisha kwenye chakula cha kawaida polepole kwa uangalizi. Matokeo yalitoka mwisho wa 2017. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila kidonge. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Baada ya miaka miwili asilimia 36 walikuwa bado wamesimama hapo. Kilichofanya kazi ni kupungua mwili, mafuta yakatoka kwenye ini na kongosho. Wewe uko mwaka wa tano, una kilo 88, hujidungi insulini. Kwa hiyo nikikusikia unasema unataka kuachana na vidonge, sikucheki. Ila zingatia walivyofanya wale: dawa za sukari zilisimamishwa na madaktari siku ileile mlo mdogo ulipoanza, ili mtu asikutane na dawa na njaa kwa pamoja. Shoga yako amekupangia kinyume chake, njaa kwanza, vidonge baadaye.

Siku tatu za maji matupu juu ya glibenclamide zinaweza kukuua usiku wa kwanza. Sitazunguka. Hata ukiwa huna dawa yoyote mwilini, kufunga kwa siku mfululizo ni jambo jingine na saumu ya alfajiri hadi magharibi, lisilo na uhusiano nalo ila jina. Mwili ukimaliza akiba ya ini huchoma mafuta, na pamoja nayo huanza kula misuli, na moyo ni msuli. Sisi wa upande wa Malindi hatuhitaji kuelezwa habari hizi kwa vitabu. Mwaka 2023 kule Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wazima na watoto, wengi wao walionyimwa chakula kwa jina la dini. Waliookolewa hai nao hawakuweza kupewa sahani ya wali palepale. Mtu aliyekaa na njaa kwa wiki akilishwa ghafla, insulini inapanda, inavuta fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama wakati ndugu zake wanafurahi kuwa amekula. Ndio maana hulishwa kidogo kidogo, kwa vipimo vya damu na vitamini B1. Yeyote anayekuhubiria kufunga kwa siku nyingi, awe na msahafu, Biblia au vipeperushi vya afya, muulize fosforasi yako itapimwa na nani.

Jumatatu na Alhamisi ni jambo jepesi zaidi. Dawa zikishatengenezwa na Shaabani ikapita salama, sina neno na sunna hiyo. Kama lengo lako ni ibada, funga kwa kiasi daktari alichokuruhusu. Kama lengo ni kilo, usitarajie muujiza. Marekani mwaka 2017 walitoa matokeo ya watu 100 waliofuatwa mwaka mzima: kundi moja lilikuwa likijinyima siku moja na kula sana siku ya pili, jingine lilipunguza chakula kila siku. Wote walipungua karibu sawa, asilimia 6.0 na 5.3 ya uzito, na wanaojinyima siku kwa siku ndio waliotoroka zaidi. Guangzhou, China, mwaka 2022, watu 139 wote walipunguziwa kalori, nusu yao wakala ndani ya saa nane tu za mchana. Tofauti ya mwisho ilikuwa ndogo isiyohesabika. Kufunga kunasaidia pale kunapokufanya ule kidogo kwa jumla ya wiki. Ukifunga Jumatatu na kufidia Jumanne kwa sinia, mizani haitajua. Ramadhani yenyewe huwapunguza watu kilo moja, moja na nusu kwa wastani, na wiki chache baadaye nyingi zimesharudi; za kwetu nadhani hurudi Idi mosi.

Faida zipo, nisije nikaonekana nimezinyonga. Wengi wenye presha husoma chini kidogo Ramadhani. Wavuta sigara hukaa saa 13 bila moshi, na hiyo ni nafasi ambayo kliniki zetu hazijui kuitumia. Na kwako wewe, mwezi mzima wa kujua saa ya kula na saa ya kuacha ni zoezi ambalo dawa haiwezi kukupa, ukilitumia kwenye futari.

Umetaja mwishoni kwamba kichwa kilikuuma siku tatu za mwanzo. Hilo mara nyingi ni kahawa. Mtu wa Lamu aliyezoea vikombe vya kahawa chungu asubuhi na alasiri akiikata ghafla, kichwa huanza baada ya nusu siku hadi siku moja na hushika kwa siku kadhaa. Punguza kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla ya mwezi.

Kwa kuwa nyumba haikosi mengine: mwanao akiwa mjamzito na ana sukari, mzee akiwa anasafishwa figo, jirani aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni, anayejidunga insulini tangu utotoni, na mtoto wa siko seli ambaye ukosefu wa maji unaweza kumwamshia maumivu ya mifupa, hao wasiongozwe na barua hii. Yako ni yako. Na walioko Pate, Siyu au Faza waongeze tahadhari, maana wao hospitali ni safari ya boti, na maji yakiwa yametoka, mkondo wa Mkanda wanakopita boti haupitiki. Anayekaa huko asingoje azidiwe ndipo atafute nahodha.

Kazi yako ya alasiri nayo ipangwe upya, hata dawa ikibadilishwa. Unga ukandwe asubuhi. Karai la mafuta lishikwe na mtu mwingine kuanzia saa tisa, wewe ukae upande wa kukata na kuhesabu, na kiti kiwe karibu. Wafundishe waliomo nyumbani kwamba ukianza kujibu ovyo wakupe sukari bila kukuuliza ruhusa, maana mtu ambaye sukari imeshuka hukataa akisema yuko sawa. Ukiwa umeshazimia wasikumiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Wakulaze ubavu, wakukimbize hospitali ya King Fahd, wakiwa wameshika maganda ya dawa zako zote, pamoja na lile la dawa ya mitishamba ambalo hukuniandikia lakini nina hakika liko kabatini.